Mwezi wa barafu una udongo gani?

Picha ya karibu kuliko zote tuliyo nayo ya Europa, mmoja wa miezi mikubwa ya sayari ya Mshtarii, ilipigwa na chombo Galileo mwezi Desemba 1997. Nukta moja ya picha hiyo inafunika mita 6 za ardhi. Jiwe lenye ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili lingetokea humo kama doa moja la kijivu, na chochote kidogo kuliko hapo hakionekani: changarawe, vumbi, ufa wa kumeza mguu wa chombo. Hata hivyo wasikilize wanasayansi wa sayari wakizungumza. Watakuambia udongo wa Europa ni mwepesi na umejaa uwazi, watakukadiria ukubwa wa punje zake, na watakutajia hata kina ambacho umekuwa ukipinduliwapinduliwa. Wamejuaje kitu ambacho hawajakiona?

Wameipima ardhi kwa njia ambazo macho hayawezi. Wameangalia inavyopokea joto na inavyolipoteza, inavyorudisha mwanga, inavyojibu mawimbi ya rada. Na mara chache, chache mno, si Europa bali kwingineko, wameigusa. Kila ilipoguswa imetoa jibu ambalo picha haikulitoa, ndiyo maana mimi naona somo la udongo legevu, ambalo kwa nje linaonekana kazi ndogo ya vumbi, ni gumu kuliko somo la milima na mabonde ya huko.

Anayeishi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania ana bahati katika jambo hili. Sehemu kubwa ya kanuni zinazotumika kwenye miezi hiyo anaweza kuzishika kwa mkono kati ya Isimila na Tukuyu, mradi abadilishe vitu viwili vitatu kichwani.

Barafu inapokuwa mwamba

Kitu cha kwanza cha kubadilisha ni barafu yenyewe. Barafu ya kwenye friji iko nyuzi chache tu chini ya kiwango cha kuyeyuka. Ndiyo maana inateleza na kulowanisha mkono, na ndiyo maana sakitu ya uwanda wa juu wa Kitulo ya mwezi Julai haioni saa sita mchana. Europa, kwenye ikweta yake, ina takriban nyuzi 160 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwenye ncha zake ni kama 220 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo barafu ya maji ni mwamba. Hupasuka, humeguka, husagika kuwa changarawe na mchanga, na mwanajiolojia anaishughulikia vilevile anavyoshughulikia matale ya Iringa.

Mahali palipoonyesha jambo hili wazi ni Titan, mwezi mkubwa kuliko yote ya Zohali, ile sayari yenye pete maarufu. Titan ina nyuzi 179 chini ya sifuri, na hewa yake ni nzito kuliko yetu: kanieneo yake ardhini ni kama mara moja na nusu ya ile ya usawa wa bahari hapa Duniani. Mvua hunyesha huko, lakini ni mvua ya methani, gesi ileile wanayopikia wafugaji wenye mitambo ya biogesi, isipokuwa huko baridi imeigeuza kimiminika. Tarehe 14 Januari 2005 chombo Huygens kilishuka kwa mwamvuli na kutua kwenye uwanda uliotapakaa mawe ya mviringo, mengine ya milimita chache, mengine yakifika sentimita 15. Pembe zao zilikuwa zimelika kwa kuviringishwa, jinsi yalivyo mawe ya mto Kiwira. Kumbe mawe yenyewe yanaaminika kuwa barafu ya maji, na mto ulioyaviringisha ulikuwa wa methani.

Huygens kilikuwa na kijiti cha kupimia kilichochomoza chini ya tumbo lake ili kitangulie kugusa ardhi. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi inavyopinga inapochomwa. Vipimo vilionyesha kwanza kitu kigumu, kwa muda mfupi mno, kisha kitu laini. Tafsiri ya haraka ikawa kwamba Titan ina gamba gumu juu na ulaini chini, na maelezo hayo yakasambaa sana. Baadaye watafiti waliporudia takwimu waliona kuna maelezo mengine rahisi zaidi: huenda kijiti kiligonga kokoto moja, ikasogea pembeni, kikaendelea na safari yake. Jinsi chombo kilivyodunda, kikateleza sentimita 30 hadi 40 na kutikisika kabla ya kutulia, ilikubaliana na ardhi yenye ulaini wa mchanga uliolowa, ikiwa na vumbi kavu kidogo juu. Fikiria hilo: tabia ya ardhi ya mwezi mzima ilikaribia kuamuliwa na kokoto moja.

Tukiwa bado kwenye miamba, Pluto nayo isisahaulike. Chombo New Horizons kilipopita hapo tarehe 14 Julai 2015 kilionyesha milima ya barafu ya maji, mingine ikiwa na kimo cha zaidi ya mita 3,500, yaani mirefu kuliko Mlima Rungwe wenye mita 2,961. Pembeni yake kuna uwanda mpana wa barafu ya naitrojeni, ambayo kwa baridi ya huko ni laini kiasi cha kutiririka polepole na kujipindua kutoka chini. Barafu mbili, jotoridi moja, tabia tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akikuambia sayari fulani ni ya barafu, muulize kwanza: barafu ya nini?

Ulegevu unatoka wapi

Mwamba ukishakuwepo, nani anausaga? Ukimtajia mtu wa Mbeya habari za kimondo, akili yake inakwenda Mbozi, kwenye lile donge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi. Vimondo vya namna hiyo ni adimu. Kinachosaga uso wa miezi isiyo na hewa ni vumbi la angani, punje ndogo kuliko mchanga zinazopiga kwa kasi ya kilometa nyingi kwa sekunde, miaka na mikaka. Hapa kwetu punje hizo huungua angani. Kule hakuna cha kuzizuia, na kila moja inachimba kishimo chake kidogo na kurusha vumbi pembeni, mpaka uso wote unakuwa tabaka la vipande vilivyovunjika. Wanajiolojia huliita tabaka hilo regolithi. Kwa Europa, ambayo uso wake unakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 40 hadi 90 tu, utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba vumbi hilo limeupindua udongo wa juu hadi sentimita 30 kwa wastani. Makadirio hayo yana uzito kwa wanaotafuta dalili za uhai, kwani mionzi mikali ya Mshtarii huharibu kemia ya uso wa juu, na kilichopinduliwa kimepata zamu yake ya kuharibiwa. Anayetaka sampuli safi itambidi achimbe kupita hapo, au atafute mahali ambapo barafu ya chini imejitokeza hivi karibuni.

Enceladus ina udongo wa asili nyingine. Huu ni mwezi mdogo wa Zohali, wenye kipenyo cha kilometa 504, ambazo ni kama safari ya Iringa hadi Dar es Salaam kwa barabara. Mwaka 2005 chombo Cassini kiligundua kwamba kutoka kwenye nyufa kubwa nne za ncha yake ya kusini, kila moja ikiwa na urefu wa kilometa 130 hivi, hufoka mvuke na punje za barafu. Sehemu ya punje hizo inakwenda kuwa pete ya Zohali. Zilizobaki zinaanguka tena, theluji laini isiyokoma, na ndiyo maana Enceladus inang'aa kuliko miezi mingine yote: inarudisha karibu mwanga wote unaoifikia.

Hapa Rungwe anakuwa mwalimu mzuri. Takriban miaka 4,000 iliyopita mlima huo ulilipuka kwa nguvu na kurusha mawe mepesi yaliyojaa vitundu, yale ambayo ukiyatia kwenye maji yanaelea. Upepo uliyasambaza. Wanajiolojia walipokuja kuutafiti mlipuko huo hawakuwa na shahidi wa kumhoji. Walikwenda kwenye kingo zilizokatwa na barabara, wakapima unene wa tabaka mahali hadi mahali, wakaona lilipo nene na linapopungua, na wakalifuata hata kwenye matope ya chini ya maziwa ya jirani. Unene wa kilichoanguka ulisimulia nguvu ya kilichorusha.

Enceladus hakuna aliyekata barabara. Kuna mistari ya vishimo vinavyofuatana, ambavyo hutokea udongo mlegevu unapomwagikia kwenye ufa ulio chini yake. Ukipima kivuli cha kishimo unapata kina chake, na kina hicho kinakupa dalili ya unene wa tabaka legevu. Vishimo vya aina hiyo vipo Iceland, na watafiti walivitumia kujihakikishia kanuni kabla ya kuipeleka angani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalikadiria kwamba sehemu nyingine za Enceladus zina theluji ya unene wa hadi mita 700. Kiasi kinachoanguka sasa hakitoshi kueleza unene huo kirahisi, hivyo inawezekana zamani mifoko ilikuwa mikali zaidi. Tena theluji hiyo haijashindiliwa kama ya kwetu: uvutano wa Enceladus ni mdogo mno, kiasi kwamba mtu wa kilo 70 angeonekana kwenye mizani ya hapa kama ana chini ya kilo moja.

Callisto ndio mwezi ninaoupenda, ingawa magazeti hayana muda nao. Ni wa Mshtarii pia, mzee, umejaa makovu ya vimondo, na hauna mifoko wala nyufa za kusisimua. Lakini mwezi Mei 2001 Galileo kilipiga picha za karibu na kuonyesha nguzo za barafu zenye kimo cha mita 80 hadi 100, zimesimama zenyewe kwenye uwanda mweusi wa vumbi.

Aliyewahi kushuka kwenye korongo la Isimila, nje kidogo ya mji wa Iringa, ataelewa kwa nini picha hizo zilinikaa. Isimila maji ya mvua na kijito yamekula udongo laini na kuacha nguzo pale sehemu ngumu zilipokinga. Callisto hakuna mvua wala kijito. Mlaji ni jua hafifu la mbali. Barafu inayopata joto kidogo hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, mvuke unatoroka, na uchafu mweusi uliokuwa umechanganyika na barafu unabaki nyuma. Halafu unakuja mzunguko wa kujiongezea: vumbi jeusi linameza mwanga, linapata joto zaidi, linaitafuna barafu iliyo jirani, vumbi linaongezeka. Nguzo nyeupe zinadumu kwa sababu weupe wao unazipoza, lakini vumbi linaporomoka kutoka ubavuni mwake na kula miguu yake. Barafu ikiisha, nguzo inalala. Kwa maneno mengine, udongo wa Callisto kwa sehemu kubwa ni masalio, kilichobaki baada ya mwamba kutoroka.

Kupima udongo kwa kivuli

Tumejua unatoka wapi. Je, ni mlegevu kiasi gani leo? Kipimo kikuu hapa ni joto, nacho ni rahisi kuliko kinavyosikika. Jiwe kubwa lililopigwa na jua mchana kutwa bado lina joto baada ya magharibi, wakati vumbi la njiani limeshapoa. Mwamba mzima hupitisha joto hadi ndani na kulihifadhi. Vumbi, kwa kuwa punje zake zinagusana kwa ncha tu, linashika joto juujuu na kulipoteza upesi. Mwalimu wa jiografia anaweza kulionyesha darasani kwa makopo mawili ya udongo mkavu uleule, moja umeshindiliwa na jingine umeachwa tifutifu, yote yakiwekwa juani na kupimwa kwa kipimajoto usoni na sentimita chache chini.

Angani, kivuli ndicho kinachofanya kazi ya jaribio hilo. Mwezi wa Mshtarii unapoingia kwenye kivuli cha sayari yake, jua linazimwa ghafla, na vyombo vya kupima mionzi ya joto vinaangalia jotoridi linavyoporomoka. Kwenye miezi mingi ya barafu linaporomoka haraka sana, haraka kuliko ambavyo barafu ngumu ingeruhusu. Jibu hilo halihitaji picha ya karibu: uso ni wa punje zenye uwazi mwingi katikati.

Jaribio zuri kuliko yote la aina hii lilitokea Mimas, mwezi mdogo wa Zohali. Mwaka 2010 ramani ya joto ya Cassini ilionyesha kitu kisichotarajiwa: upande mmoja ulikuwa na eneo kubwa lenye mpaka mkali, ambalo mchana lilikuwa baridi kuliko majirani zake kwa takriban nyuzi 15. Hakukuwa na mlima wala bonde la kulieleza. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba elektroni zenye nguvu, zilizonaswa na sumaku ya Zohali, zinapiga upande huo na kuunganisha punje za barafu pale zinapogusana. Udongo ulioungana unapitisha joto ndani badala ya kulibakiza juu, kwa hiyo uso wake mchana unakuwa baridi.

Kuungana huko kunatokea hata bila elektroni, polepole, na hapo ndipo kichwa kinapouma. Sukari iliyosahaulika mkebeni kipindi cha masika inageuka donge bila mtu kuiminya. Punje za barafu nazo, zikikaa karibu kwa muda mrefu, hujenga shingo ndogo kati yao na kuwa kitu kimoja. Kasi inategemea joto na ukubwa wa punje. Kwenye maabara watafiti hunyunyiza maji kwenye naitrojeni ya kimiminika, wanapata punje ndogo za duara, kisha wanazikalisha kwenye baridi na kupima kila baada ya muda zimekuwa ngumu kiasi gani. Kwenye baridi ya Europa kazi inaweza kwenda pole mno kwa mtafiti yeyote kuisubiri, hivyo hupima kwenye joto la juu zaidi na kukokotoa kurudi nyuma. Ni njia halali, ila ina mashaka yake, na mtu yeyote anayekutajia ugumu wa udongo wa Europa kwa uhakika kabisa anakuuzia kitu.

Rudi Kitulo asubuhi ya sakitu. Uso wa shamba umeshikana gamba jembamba, unalikanyaga linavunjika, na chini yake kiatu kinakuta udongo mlaini kama ulivyokuwa jana. Gamba juu, ulaini chini, kwa tofauti ya vidole viwili. Kipimo cha joto kutoka mbali kinachanganya vyote viwili na kukupa wastani.

Ilipoguswa

Tarehe 12 Novemba 2014 chombo Philae kilitua kwenye nyotamkia 67P. Vyuma vyake vya kujinasia ardhini havikufyatuka, kikadunda na kwenda umbali wa kilometa moja hivi, kikaishia kwenye kivuli cha genge. Pale kikashusha nyundo yake ya kupigilia kipimajoto. Nyundo ilipiga, ikaongezewa nguvu, na haikuingia kwa maana yoyote: chini ya vumbi kulikuwa na barafu iliyoshikana ngumu. Habari ikawa nyotamkia ni ngumu. Kisha mwaka 2020 watafiti wakafanikiwa kutambua mahali ambapo Philae iligonga katikati ya midundo yake. Ilikuwa imejichimbia kwenye jabali la barafu na vumbi, na ndani ya jabali hilo barafu ilikuwa laini kuliko povu la kahawa. Nyotamkia moja, safari moja, majibu mawili yasiyofanana hata kidogo, na yote ni ya kweli.

Mirihi si mwezi wa barafu, lakini udongo wake wa kaskazini una barafu nyingi, na chombo Phoenix kilichotua huko Mei 2008 kilipata taabu yake. Kilichota udongo na kuumwaga juu ya chekeche la tanuri lake dogo la uchunguzi. Udongo ukakaa pale juu, umegandamana, ukikataa kupita, mpaka chekeche likatikiswa kwa siku kadhaa. Mabonge meupe yaliyochimbuliwa kwenye mtaro yalitoweka baada ya siku nne, na kutoweka kwake ndiko kulikothibitisha yalikuwa barafu ya maji na si chumvi. Chombo kingine cha Mirihi kilichokuja baadaye, InSight, kilikuwa na msumari wa kujipigilia wenyewe hadi mita 5. Ulianza kazi Februari 2019. Udongo uliouzunguka ukashindilika badala ya kuubana, msumari ukakosa msuguano wa kushikilia, na Januari 2021 wahandisi wakakubali yaishe ukiwa umezama urefu wake tu, sentimita 40 hivi.

Hawa si watu wazembe. Walikuwa na picha nzuri kuliko zile za Europa kwa mbali, na walikuwa na udongo wa majaribio maabara. Kilichowashinda ni tabia ya punje zinapokutana na chuma, ambayo huwezi kuikadiria bila kujua zimeshikanaje.

Kwa sasa vyombo viwili viko njiani kwenda Mshtarii. Juice kilirushwa Aprili 2023 na kitafika 2031. Europa Clipper kilirushwa tarehe 14 Oktoba 2024, kitafika 2030, na kitapita karibu na Europa mara 49, mara nyingine kwa umbali wa kilometa 25 tu. Kamera yake itaona hadi nusu mita kwa nukta, na kando yake kuna kifaa cha kupima joto na rada ya kupenya barafu. Hakitatua.

Kitakachotua ni Dragonfly, helikopta ya rotari nane inayopangwa kurushwa 2028 na kufika Titan 2034. Kwenye reli zake za kutulia kuna keekee, moja kila upande, na unga utakaochimbuliwa utanyonywa kwa hewa ya Titan yenyewe, ile nzito na baridi, ili sampuli isipate joto na kuanza kunata njiani kama ilivyonata Phoenix. Ipo pia zana ya kupima ardhi iliyo chini ya reli inavyopitisha joto na umeme, kabla keekee haijaanza kuzunguka. Na ikionekana mahali hapo hapachimbiki, helikopta itainuka na kwenda kutua kwingine, jambo ambalo Philae na InSight hazikuweza kulifanya.